Bata Mzinga wa Fundi Pua

Seremala wa mtaa ule aliitwa Fundi Pua, na si kwa sababu pua yake ilikuwa kubwa, ingawa, bila kumsema mtu vibaya, ndogo haikuwa. Jina lilitokana na kazi. Ungemfunga kitambaa machoni, ukampa kipande cha mbao kisichozidi kidole, naye angekipitisha chini ya pua mara moja tu na kukwambia ni mti gani, ulikatwa mbichi au mkavu, ulilala kwenye unyevu au la, na kama aliyekuuzia alikuwa mwongo. Wauza mbao walimwogopa. Wateja walimjia kutoka mitaa ya mbali na ubao kwapani, kama watu wanaompeleka mtoto mgonjwa kwa daktari.

Sasa pua hiyo ilikuwa imekufa.

Iliondoka na mvua zilizopita, kwa mafua ya kawaida tu, yale ya kunywa chai ya tangawizi na kulalamika. Mafua yalipokwisha alirudi karakana, akapiga randa ubao wa mfenesi, vumbi la manjano likamrukia usoni, akavuta pumzi ndefu kama alivyozoea. Hakupata kitu. Akadhani pua bado imeziba. Akajifukiza, akapenga, akameza vidonge alivyovinunua kimyakimya duka la mbali ili asiulizwe maswali. Pua ilikuwa wazi kabisa, hewa iliingia na kutoka, lakini haikuja na habari yoyote.

Hakumwambia mtu. Hakumwambia binti yake ambaye ni muuguzi, wala mkewe aliyelala naye kitanda kimoja tangu ujana wao. Karakana akajifunza kuigiza. Mteja akileta ubao, anaupitisha puani, anafumba macho, anatikisa kichwa taratibu, na papo hapo dole gumba linasoma mishipa ya mti na kiganja kinapima uzito. Kwa mbao kubwa alipatia. Alikuwa anawapaka watu mafuta kwa mgongo wa chupa, na kila alipofanikiwa alijisikia vibaya zaidi.

Kilichomkosesha raha hasa ni sikukuu ya mwisho wa mwaka.

Tangu mtoto wake wa kwanza akiwa bado anatambaa, sikukuu ile ilikuwa na bata mzinga mzima, aliyebanikwa kwa moshi ndani ya pipa nyuma ya karakana, kwa vipande vya mbao vilivyobaki kwenye kazi za mwaka mzima. Ndiyo kusema nyama ya kila mwaka ilikuwa na ladha ya mwaka wake. Kulikuwa na mwaka wa madawati, ambao ulikuwa mwembe mtupu, na nyama ikabaki na utamu wa mbali kama wa tunda. Kulikuwa na mwaka wa kitanda cha mwalimu mkuu, wa mfenesi. Na kulikuwa na mwaka wa mipini, kazi zilipokauka, Fundi akabaki anachonga mipini ya majembe kwa miti ya mpera na kuiuza mlango hadi mlango. Mwaka ule nyumba ilikuwa na njaa, hilo si la kuficha, lakini moshi wa mpera uliingia kwenye ile nyama hadi mfupani, na watoto wake, ambao sasa wana mvi za kwanza, wakiuzungumzia mwaka ule hawakumbuki njaa. Wanakumbuka wakilamba vidole.

Mezani hakuna aliyeruhusiwa kula tonge la pili kabla hajataja mti. Aliyepatia alipewa paja. Kelele zilikuwa nyingi, watu walidanganyana, walisusa, na Fundi Pua alikaa kichwani pa meza kama hakimu, akitabasamu.

Zikiwa zimebaki siku chache, mwanawe mkubwa alipiga simu. Huyu anafanya kazi kwenye ofisi ya bima, na anaongea kana kwamba kila kilichopo duniani kiko njiani kuungua.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba, mwanangu.”

“Baba, mwaka huu pumzika. Kuna hoteli karibu na ofisini wanaoka bata mzinga mzima, wanakukabidhi kwenye boksi.”

“Kwenye boksi?”

“Ndiyo, baba.”

“Kama viatu?”

“Baba, usinicheke. Umri unakwenda. Kuamka alfajiri, kuinama kwenye moto, ule moshi wote. Sema tu neno moja, tumemaliza.”

“Sikiliza,” alisema Fundi Pua. “Siku utakayofika hapa ukakuta moshi hautoki nyuma ya karakana yangu, kalete hilo boksi. Na jeneza usihangaike, nitakuwa nimeshajichongea mwenyewe.”

Akakata simu akicheka, lakini kicheko kilikuwa cha mdomoni tu. Aliwajua wazee wenzake waliopumzishwa. Alishawaona kwenye sherehe, wamewekewa kiti cha plastiki kivulini na sahani mapajani, kila anayepita anawauliza kama wameshiba, na baada ya hapo hakuna anayewauliza kitu kingine. Hakuogopa moshi hata kidogo. Aliogopa kile kiti.

Siku iliyotangulia sikukuu alimchinja bata mzinga. Alikuwa dume mkubwa, mnene, mwenye roho mbaya. Mkewe alimlea tangu kifaranga, naye alilipa fadhila kwa kumfukuza kila mgeni aliyeingia uani, hasa aliyevaa nguo nyekundu. Mke akamnyonyoa kwa maji ya moto bila majonzi makubwa. Fundi akamtumbukiza kwenye ndoo ya maji ya chumvi na sukari kidogo, akaponda vitunguu saumu na tangawizi, akakamua malimau, akatia pilipili manga, akafunika na kuweka jiwe juu. Asubuhi akamtoa, akamfuta, akamning'iniza kwenye kenchi ya paa la karakana apigwe na upepo, maana ngozi yenye maji haishiki moshi. Mambo hayo mikono yake iliyajua bila kuuliza pua.

Tatizo lilikuwa gunia la mbao.

Maseremala wengine huandika kwenye mabaki yao kwa penseli: mpera, mwembe, mvule. Fundi Pua hakuwahi kuandika. Mwaka mzima mabaki yalidondoka kwenye gunia moja chini ya meza ya kazi, yote pamoja, na siku ya kubanika alitia mkono akavuta, akanusa, hiki ndiyo, hiki hapana. “Kuandika kwenye mbao ni kazi ya mtu mwenye mafua,” alikuwa akiwaambia vijana wa kazi, na wao walicheka kwa sababu ilikuwa kweli. Sasa alisimama mbele ya gunia lake asiweze kulisoma. Vipande vilikuwa vidogo, vimefubaa, vimefunikwa vumbi la aina moja. Dole gumba lililomwokoa kwenye mbao ndefu halikupata mshipa wa kutosha kuushika.

Akapiga moyo konde. Mkaa ulishaiva chini ya pipa, mlango mdogo aliokata ubavuni ulionyesha wekundu. Kawaida yake alilipasha pipa kwanza kwa mbao kidogo, mpaka moshi mzito mweupe uishe na kubaki ule mwembamba wa buluu, ndipo amning'inize ndege kwenye nondo na kufunika kwa bati na gunia bichi. Akachagua vipande vitatu. Viwili aliapa moyoni kuwa ni mpera. Cha tatu kilikuwa kizito, chekundu kidogo, pembe zimelika. Akakipeleka puani kwa mazoea, akasubiri, akakishusha.

Mkewe alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha jiko la nje, ungo mapajani, anachagua mchele. Fundi alihisi macho yake mgongoni. Mtu mwenye pua nzima hasimami hivi akikodolea kipande cha mti, aliwaza, na akakitupa motoni pamoja na vingine.

Kama angekuwa na utulivu siku ile, angegundua kwamba mchele ule ulishachaguliwa jana yake, na ungo haukuwa na hata punje moja chafu.

Moshi mweupe ukapanda, ukatanuka, ukaanza kupungua. Ulipogeuka buluu Fundi alivuta pumzi ya afueni, akamshusha bata mzinga kutoka kwenye kenchi, akamshika ndoano kwa mikono miwili na kumwinua juu ya pipa.

“Usimtie!”

Ungo ulianguka, mchele ukamwagika uani. Mkewe, ambaye kwa kawaida hutembea akilalamikia magoti, alikuja mbio kama msichana na kumshika mkono.

“Una wazimu?” Fundi alifoka.

“Mtoe hapo. Mrudishe juu. Kuna ubao wenye dawa ya mchwa humo.”

“Dawa gani?”

“Ile kaunta ya duka. Uliyoivunja. Siku ile nilishinda na kichwa kinauma, hukumbuki?”

Alikumbuka. Kaunta ililiwa na mchwa, na mwenye duka alikuwa ameimwagia dawa mwaka baada ya mwaka, mpaka mbao zikalewa. Fundi aliikata vipande na kuvichoma mbali, kwenye shimo la taka. Kimoja kilidondokea kwenye gunia. Zamani pua yake ingekikamata kabla mkono haujakigusa.

Akamrudisha bata mzinga kwenye kenchi. Ndoano iligonga mti mara kadhaa kabla ya kuingia. Na bado, mwanadamu mwanadamu tu, akajaribu.

“Mimi nanusa mpera,” alisema.

“Unanusa mpera?”

“Mpera kabisa.”

Mkewe alimtazama. Siku zote alimwita Mzee, au Baba Watoto, au akikasirika, Wewe.

“Mume wangu,” alisema. “Pua yako imekufa. Imekufa tangu mvua. Kaa chini.”

Fundi Pua alikaa kwenye gogo la kupasulia kuni. Kilichomuuma hakikuwa kugunduliwa. Akilini alimwona mjukuu wake mdogo, yule asiye na meno ya mbele, akitafuna ngozi yenye dawa ya mchwa huku akimchekea babu yake. Kwa ajili ya kiburi cha jina la utani. Machozi yalimlengalenga, akayafuta kwa mkono wa shati.

Akatoa simu mfukoni.

“Unampigia nani?”

“Mwanao. Alete boksi lake.”

Mkewe alimnyang'anya simu na kuitia kifuani, mahali ambapo simu ikiingia haidaiwi.

“Ukimpigia leo, umempa sikukuu hii na zote zijazo,” alisema. “Utawekwa pale kwenye kiti cha plastiki, na mimi nitawekwa pembeni yako, na sina hamu. Pua ipo. Hii hapa. Haijasomea useremala, lakini inafanya kazi.”

“Pipa lenyewe haliwezi tena. Dawa imeshalamba chuma.”

Mkewe aligeuka. Alitazama jikoni, kwenye pipa lake la mahindi, lililofika miaka ile likiwa na mafuta ya kula, alilolisugua, akalikausha juani, na ambalo hakuna mwenye ruhusa hata ya kuliegemea. Aliapa mara nyingi kwamba atazikwa nalo.

“Chukua,” alisema haraka, kabla hajabadili mawazo.

Wakalibingirisha pamoja. Mahindi yakamwagwa kwenye mkeka sebuleni, yakawa kilima mbele ya kabati la vyombo. Fundi akachora mlango kwa chaki, akashika patasi na nyundo. Kelele zilisikika mtaa mzima.

“Fundi! Hata sikukuu?” jirani alipaza sauti kutoka ng'ambo ya ukuta.

“Hata sikukuu!”

Chuma kikaanza kukatika. Akatoboa matundu ya nondo, akaliweka pipa juu ya mawe. Mke akaleta mkaa mpya wa jikoni kwake. Kisha wakatandika mkeka nyuma ya karakana, wakamwaga gunia lote la mbao katikati yao, wakakaa wakitazamana.

“Haya,” Fundi alimpa kipande. “Mti gani?”

Alinusa. Akanusa tena. “Unanukia mbao.”

“Mbao ipi, mke wangu?”

“Ya mti.”

Fundi alishika kichwa. Mkewe akachukia. “Mimi sijui majina yenu. Najua tu huu unanukia kile chumba chetu cha kwanza, tulipokuwa tunalala chini kwa sababu kitanda ulikisimamisha ukutani unasubiri vanishi ya kumalizia.”

Fundi aliinua kichwa. Alikiona kile chumba, taa ya chemli kwenye kopo, mke wake kijana akicheka kwamba ameolewa na mtu anayemiliki kitanda asicholalia.

“Mfenesi,” alisema. “Kitanda kilikuwa cha mfenesi. Weka huku, huo unafaa.”

Wakatazamana kidogo. Mke akachukua kipande kingine.

“Huu ni wa mipini. Ule mwaka. Mikono yako ilikuwa na malengelenge hata ukashindwa kushika kikombe, nikawa nakunywesha chai.”

“Mpera. Huku.”

“Huu…” Alikunja uso. “Huu unanuka mama yako.”

“Mama yangu?”

“Kabati lake la nguo. Unalifungua, unapiga chafya mpaka jioni.”

“Hiyo dawa ya nondo wanaokula nguo! Tupa, tupa mbali!”

Walicheka mpaka mbavu zikauma, Mungu amrehemu mama mkwe, na kipande kikaruka ukuta. Kazi ikaenda. Mke alinusa na kukumbuka, na mume akakumbuka alichokitengeneza na kutaja mti. Duka la kwanza alilokodi lilikuwa mle, na benchi la msiba wa shemeji, na meza ambayo mtoto mkubwa aliandikia herufi zake za kwanza kwa msumari akachapwa. Fundi hakujua kwamba mkewe aliyahifadhi haya yote. Miaka yote alidhani pua ni yake peke yake, kumbe ndani ya nyumba zilikuwa mbili, na moja haikuwahi kuulizwa.

“Huu ni kwetu,” mke alisema, akitabasamu kabla hajamaliza kunusa. “Siku ulipokuja kupima mlango wa baba. Ukasahau vipimo, ukarudi kesho yake kupima tena.”

“Sikusahau.”

“Najua hukusahau. Hata baba alijua.”

“Mvule,” alisema Fundi. “Haufai kwa nyama, utaacha uchungu ulimini. Lakini usiutupe.” Akautia mfuko wa shati.

Kipande kilichofuata mke alikinusa. Alikishika tu usoni, macho yamefumba. Fundi alisubiri. Aliuona mdomo wake, akajua kabla hajaambiwa. Mtoto wao wa pili aliishi majuma machache. Kile kitanda kidogo, chenye nguzo alizozikata na kuzisugua usiku baada ya usiku, alikitoa nyumbani mwenyewe, na hawakukitaja tena.

“Mwembe,” alisema kwa sauti ya chini.

Mkewe alitikisa kichwa kukubali. Machozi yalikuwa yanatiririka na hakuyafuta.

“Unafaa?” aliuliza hatimaye.

“Ndio bora kuliko yote.”

“Basi tutauweka,” alisema, na akautandika juu ya rundo la inayofaa, kwa upole, kama anayelaza kitu.

Watoto walipowasili na magari na wajukuu na mabakuli yao, walikuta sebule imejaa mahindi, uani kumemwagika mchele, na wazazi wao wamekaa mkekani nyuma ya karakana wakibishana. Bata mzinga alikuwa ndiyo kwanza ameingia pipani.

“Baba, hii saa hizi?” alisema mwana wa bima, akiangalia saa ya mkononi. “Tutakula lini?”

“Akiiva,” alijibu mama yake. “Hamisha hayo mahindi.”

Mchana wote ukaenda hivyo. Fundi aliketi karibu na mlango wa pipa, mke upande unakokwenda moshi.

“Sasa?”

“Mchungu kidogo. Kama chai iliyorudiwa kuchemshwa.”

“Moto hauna hewa.” Akafungua mlango kidogo. “Sasa?”

“Unapoa… Sasa mtamu. Acha hapohapo.”

Binti muuguzi alipita mara mbili, akasimama, akawaangalia, akaondoka bila neno. Jua lilipoanza kulegea, Fundi alishika paja la ndege kwa kitambaa akalitikisa, likalegea kwenye kiungo. Akachoma kisu penye nyama nene, maji yakatoka meupe. Ngozi ilikuwa imeshika rangi ya meza iliyopigwa vanishi nyembamba, kila mahali sawasawa. Akamtazama kwa muda mrefu, kwa sababu kutazama ndiko alikobakiwa nako.

Mezani hakuna aliyepatia mti. Mmoja alisema mpera, mwingine akaapa ni mfenesi, mkwe akasema mwembe, wakabishana mpaka wali ukapoa. Mwana wa bima alitafuna taratibu, akafumba macho.

“Humu miti imo yote,” alisema. “Mwaka gani huu, baba?”

Kabla Fundi hajajibu, mjukuu asiye na meno ya mbele alimpandia magotini na kumsukumia kipande cha nyama puani. “Nusa, babu! Wewe ndiye unayejua. Nusa utuambie!”

Wote mezani wakamngoja hakimu. Ilikuwa rahisi. Angefumba macho, angetikisa kichwa taratibu, na mambo yangeisha kwa amani. Mkewe alikuwa anapakua mboga na wala hakumtazama, kumwachia nafasi.

“Sinusi, mjukuu wangu,” alisema Fundi Pua. “Pua yangu haisikii tena kitu. Asubuhi hii nilikaribia kuwalisha sumu ya mchwa, wote mliopo hapa, kwa sababu niliona aibu kusema.”

Vijiko vilisimama. Binti muuguzi alisema, “Nilijua kuna kitu,” kisha akaweka mkono juu ya mkono wa baba yake. Mwana wa bima alimeza tonge, akamtazama baba yake, akamtazama mama yake.

“Kwa hiyo bata huyu kambanika nani?”

“Baba yako,” alisema mama yao. “Mimi nilikuwa pua tu.”

Mwana alihesabu hatari zake kichwani, moto, moshi, sumu, wazee wawili. Halafu akasogeza sahani. “Mama, niongeze hapo kwenye ngozi,” alisema. “Na lile boksi nililisema kwa mzaha tu.”

Hakuna aliyemwamini, lakini alipewa paja.

Walipokwisha kula, watoto wakaenda barazani mbele na kelele zao. Fundi alibaki nyuma na mkewe, mke anaosha vyombo, mume anasuuza. Jua lilikuwa bado limeshika ukuta wa karakana.

“Ulijuaje?” aliuliza. “Karakana sikukosea hata siku moja.”

Mke aliendelea kusugua sufuria. “Kila jioni ulipotoka kazini ulipita jikoni kabla hata ya kuvua viatu. Ukaweka pua yako hapa.” Akajigusa shingoni, chini ya sikio, kwa mkono wenye povu. “Ukasema, leo ulikwenda sokoni. Leo ulimbeba mtoto wa jirani. Siku nikilia, ukajua nimelia. Mvua zilipokwisha ukawa unaingia, unasema habari za hapa, unakaa.”

Fundi alisuuza sahani ileile mara ya pili.

“Nikadhani kuna mwanamke.”

“Mwanamke!”

“Ningedhani nini? Nikaanza kunusa mashati yako, mimi mtu mzima mwenye wajukuu. Yananukia mbao tu. Nikasema basi huyo mwanamke naye ni seremala.” Alicheka kwa pua, akakaza kusugua. “Halafu siku moja nikaunguza wali, ukaungua hadi majirani wakauliza. Ukaula wote ukaniambia, mke wangu, leo umepika. Nikaenda nyuma ya nyumba nikalia kwa furaha. Nikasema, asante Mungu, ni pua tu.”

Fundi Pua aliweka sahani chini.

“Mbao ningezizoea,” alisema. “Mbao bila harufu ni mbao. Ila hapo shingoni… Niliogopa kuja nikakuta hakuna mtu.”

Mkewe alikausha mikono kwenye kanga, akasogea, akainamisha kichwa upande. Fundi akaweka pua yake pale, chini ya sikio, akavuta pumzi ndefu. Kulikuwa na joto, na mshipa unapiga polepole, basi.

“Haya, nikwambie mimi,” alisema mkewe. “Leo kuna moshi wa mwembe. Kuna vitunguu. Kuna sabuni ya vyombo. Kuna jasho, kwa sababu mtu fulani kanikimbiza asubuhi na magoti yangu haya.”

“Na nini tena?”

“Na nililia kidogo, pale kwenye mbao.”

“Hilo nililijua,” alisema Fundi, na hakuutoa uso wake pale mpaka wajukuu walipokuja kuwatafuta.